Misumeno mitatu na mwembe mmoja: siku yangu moja Konde

Saa kumi na mbili kasorobo natoka msikitini, na kabla ya chai nafungua banda. Misumeno yangu mitatu imelala juu ya gunia, mdogo mbele, mkubwa nyuma. Hapa Pemba tunaiita misumeno ya moto, maana ukisema msumeno tu utaletewa wa mkono. Mdogo ni Stihl MS 170, injini ya sisi (cc) 30, upanga wake, ule ubapa unaozungukwa na cheni, sentimita 35. Wa kati ni Husqvarna 365, sisi 65, upanga sentimita 50. Yule wa nyuma ni Stihl 070, sisi 106, upanga sentimita 90. Ukiutoa upanga na kuumwaga mafuta bado unapita kilo kumi. Niliununua Wete kwa mpasua mbao aliyechoka mgongo, na sasa nimeanza kumwelewa.

Kila mtu akinisimamisha njiani huniuliza habari za huo mkubwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mdogo, na mdogo ndio unaosomesha watoto wangu.

Naanza na mafuta. Nina madumu mawili na kila moja nimelifunga kitambaa cha rangi yake. La kijani ni la mdogo na wa kati: lita moja ya petroli kwa mililita 20 za oili nzuri ya injini za mipigo miwili. La jekundu ni la mzee 070, ambaye yeye anataka mililita 40 kwa lita. Mpwa wangu aliwahi kuniambia petroli ni petroli, akamimina ya kijani kwenye mkubwa. Injini ya namna hii haina oili yake ya chini kama gari. Oili inayoingia na petroli ndiyo hiyo hiyo inayolainisha pistoni. Tuliwahi kuizima kabla haijakwama, Alhamdulillah, lakini kitambaa chekundu kilianza siku ile.

Chai ya maziwa, muhogo wa kuchemsha, na tunaondoka.

Saa moja na nusu tuko juu ya gari ya ng'ombe ya jirani. Honda haibebi misumeno mitatu, kamba, kabari, madumu na mtu wa kushika mzigo. Ni msimu wa karafuu, kusi linapuma, na pembeni mwa barabara majamvi yameshatandazwa, karafuu za jana zimeanza kugeuka rangi. Harufu yake wageni huisifia sana. Mie harufu ile inaniambia kwamba leo sipati vijana. Kila mwenye miguu yuko juu ya mkarafuu, anachuma kwa pishi, na mtu akishazoea fedha za kila jioni huwezi kumshawishi aje kuburura matawi. Nimempata mpwa wangu kwa sababu skuli imefunga na mamake ni dada yangu, na nimempata mkwezi mmoja wa minazi ambaye karafuu zinampiga chafya.

Kijijini, kwanza baraza. Hili wengi hawalijui: kazi yangu ni maneno zaidi kuliko msumeno. Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, iko, kibali cha misitu kiko, nikavitoa vyote viwili nikaviweka juu ya mkeka hata kabla ya kuulizwa. Tuna sheria ya misitu tangu 1996, na mtu mwenye msumeno wa moto husikika umbali mrefu, hawezi kujificha. Mzee mmoja pale barazani akachokoza.

“Hilo jidubwana lako si lingefaa mivule ya Ngezi?”

“Ngezi ni hifadhi, babu. Mvule wa kule mie nautazama tu.”

“Na mkarafuu wangu mmoja uliokufa?”

“Hata uliokufa, tuanzie kwa sheha.”

Wakacheka. Mkarafuu hapa haukatwi hivi hivi. Tufani la 1872 liliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi na Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ni Pemba. Mti ulioilisha nyumba muda wote huo una heshima hata ukikauka.

Mwenye mti wetu ni bibi mjane. Mwembe dodo, ulipandwa na babake, umeinamia jiko lake la makuti, na upepo wa juzi umenyanyua mizizi upande mmoja mpaka udongo umepasuka. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono.

“Mwanangu, huwezi kuukata nusu?”

Nikamzungusha nikamwonesha ufa. Aliutazama kwa muda, akasema, “Basi. Lakini nisikuone unaukata mie nimesimama hapa.” Akaenda kwa jirani na kahawa yake.

Saa tatu mkwezi akapanda na panga na kamba. Miembe ya Pemba ina wenyewe, nao ni majimoto. Wale chungu wekundu hushona majani wakafanya nyumba, na ukiligusa jani moja taifa zima linateremka kwenye shingo yako. Mkwezi alikata matawi yenye viota akayaangusha, akafunga kamba juu, ndipo nikapanda na mdogo. Siupandi nao mkononi. Napanda mikono mitupu, najifunga, kisha navutiwa msumeno kwa kamba, umezimwa.

Hapa ndipo MS 170 unapolipa. Una kilo nne kasoro kidogo, na juu ya mti kilo moja ni nyingi. Naushika kwa mikono miwili, siku zote, hata nikijipinda vipi. Waliojikata ninaowajua, wengi wao walishika kwa mmoja, au waliligusa tawi la nyuma kwa ncha ya upanga, sehemu ya juu. Cheni ikigusa pale haikati. Inaurusha msumeno wote kuja usoni kwako, na hilo hutokea kabla hujasema lolote. Mdogo na wa kati ina breki ya cheni, kile kikingio cha mbele ya mkono, inasaidia. Mkubwa wangu ni wa zamani na hauna. Ndiyo maana juu ya mti haupandi milele.

Tawi moja lilipodondoka likapasuka, na ndani mkawa na vijia vya mabuu, na buu lenyewe jeupe, nene. Mpwa wangu akataka kulikanyaga, nikamzuia. Nikiwa juu kule nikaanza kumpigia kelele hadithi ya Joe Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani. Mwaka 1946 alikaa akalitazama buu la mbawakawa likitafuna gogo, akaona linakata kulia na kushoto kwa mataya yake, wala halikwami. Cheni za wakati ule zilikuwa na meno ya kukwaruza, zikiisha makali upesi. Akatengeneza jino lililopinda kama mataya yale, moja la kulia, moja la kushoto, na mwaka wa pili yake akaanza kuuza. Cheni zote nilizonazo ni wajukuu wa buu lile. Mpwa wangu akaliangalia tena, halafu akalirushia kuku.

Saa tano akatokea fundi wa mashua, hakuitwa. Mafundi wa vyombo wana masikio. Wakisikia msumeno wa moto wanafuata. Alikuwa hatafuti mbao, alitafuta vipindo. Mataruma, zile mbavu za chombo, hayapasuliwi kwenye gogo lililonyooka kwa sababu mti ukikatwa kinyume cha nyuzi zake huvunjika baharini. Hutafutwa tawi ambalo Mungu amelipinda mwenyewe. Akawa anazunguka na kigezo chake cha waya, analaza juu ya tawi, anatikisa kichwa, anakwenda jengine. “Hapa. Usipite alama.” Nikakata kumi na moja kwa mdogo, kwa uangalifu wa fundi cherehani. Vipande ambavyo mtu mwengine angevifanya kuni vililipa oili na petroli ya siku nzima na bakshishi ya mkwezi juu yake.

Adhana ya adhuhuri ilipoanza nikazima. Tulisali, bibi akatuletea wali na mchuzi wa changu na shelisheli la kukaanga, tukala kimya kwa njaa.

Saa nane zamu ya mkubwa. Watoto walijaa ghafla, na wale wazee wa barazani wakahamisha mkeka wao. Shina lilikuwa na unene wa sentimita themanini hivi. Kamba ilishafungwa kuvuta upande wa uwanja, mbali na jiko, watu sita wameishika na nimewapeleka mbali kuliko urefu wa mti. Kuvuta kamba ya 070 ni kazi ya mtu aliyekula. Mara ya tatu ukaitika, na kuku wote wa mtaa wakahama.

Nikafungua mdomo upande wa kuangukia, nikatoa kipande kama cha tikiti. Nikahamia nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, nikaanza kuingia. Katikati hukati ukamaliza. Unabakisha ukanda wa mti, kama moja ya kumi ya unene, uwe bawaba ya kuuongoza mti uendako. Nimefika theluthi, nikasikia sauti ninayoichukia kuliko zote. Cheche zikaruka. Kisha msumeno ukawa unatoa unga badala ya vipande.

Msumari. Babake bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akifungia mbuzi pale, na mti ukaumeza. Nilikagua gome asubuhi kwa mkono na sikuona kitu. Mti wa uwanjani hauaminiki hata ukikaguliwa.

Meno yasiyopungua kumi yalikuwa yameliwa. Cheni ya pili ya mkubwa? Niliinunua mjini dukani, nikaambiwa ni ya asili kabisa, na wiki mbili baadaye ilikuwa imerefuka kama mkanda wa suruali ya mpira. Ipo nyumbani, imefungia mlango wa banda. Na huku mti umeshakatwa theluthi, kusi linausukuma, na matone ya utomvu yanatoka kwenye ufa. Mti wa namna hiyo huuachi ukaenda kunoa.

Nikapiga kabari mbili nyuma, nikaushika wa kati. Upanga wake haufiki upande wa pili, kwa hiyo nilikata kwa kuzunguka, huku kidogo, kule kidogo, juu ya njia ya msumari. Nikapiga kabari tena. Kamba ikavutwa. Mti ukalia mara moja, ukakaa, halafu ukaenda ulipoambiwa. Jiko halikupoteza hata kuti.

Mpango wangu ulikuwa kupasua mbao alasiri ile, kazi pekee inayomstahili mkubwa kweli: kwenda na urefu wa gogo, polepole, cheni imenolewa kwa pembe ya nyuzi kumi badala ya thelathini za kukatia mapande. Lakini kabla vumbi halijatulia akaja mzee mwengine kutoka upande wa pwani, akalipiga gogo kwa kisigino cha shoka, akasikiliza, akalipima kwa hatua. Sita. “Hili lisipasuliwe. Nataka mtumbwi.” Akampa bibi nusu ya bei palepale. Atauchonga kwa shoka na tezo, hapo hapo ulipoanguka, na akimaliza watauburura. Nilichotakiwa ni kukata ncha ya juu tu. Wa kati ukaimaliza kwa dakika chache.

Bibi alirudi, akakaa juu ya kisiki. “Mtumbwi,” akasema. “Baba angependa.” Akanihesabia laki moja na ishirini, nikarudisha kumi ya msumari. Hakuielewa, nami sikueleza.

Saa moja usiku niko barazani na taa, mkubwa mapajani. Tupa ya milimita tano na nusu, jino baada ya jino, upande wa kulia wote, kisha nageuka. Meno mengine nimeyala sana, lazima yote yafuate lile fupi kuliko yote, la sivyo msumeno utakata kwa kupinda. Mpwa wangu amekaa karibu, anauliza lini ataushika.

“Noa wa mdogo kwanza, wote, nisikuone ukikosea pembe.”

Simu ikalia. Mtu wa Micheweni, mshelisheli wake umeziba paa. “Ami, nakuomba sana, njoo na ule mkubwa.”

“Mti una unene gani?”

Akafikiri. “Kama ndoo hivi.”

Nikamwambia inshallah asubuhi, nikampa mpwa wangu tupa ya milimita nne.