Pawasaplai niliyoichagua kwa kusoma lebo

Kwa wiki mbili kompyuta yangu ilikuwa inazima ghafla nikiwa katikati ya gemu. Haigandi wala haileti ujumbe wa hitilafu: kioo kinakuwa cheusi, feni zinasimama, kimya. Nikitazama filamu, hata saa tano mfululizo haizimi. Kila niliyemuuliza aliilaumu kadi ya picha, RTX 4080 Super niliyojinyima karibu mwaka mzima kuipata. Nami nikaanza kuamini, hata usingizi ukanipaa.

Kisha nikaichomoa kwenye kasha pawasaplai, kile kiboksi kinachougeuza umeme wa ukutani uwe wa kompyuta. Ubavuni imeandikwa wati 800 kwa tarakimu kubwa, lakini mkononi haikufikia uzito wa pakiti ya kilo ya sukari. Nikamulika lebo yake ndogo kwa tochi ya simu. Safu ya volti 12: ampea 38. Mara 12, ni wati 456. Hata ukijumlisha na volti 3.3 na volti 5, 800 haifiki, na hizo mbili kompyuta ya gemu ya siku hizi inazitumia kidogo sana. Prosesa na kadi ya picha vyote vinanyonya kwenye volti 12. Tangu siku hiyo sinunui kitu hiki bila kuiona safu hiyo.

Nikakaa na kalamu. Kadi ni wati 320. Prosesa, Ryzen 7 7800X3D, kikomo chake ni 162. Mazabodi, ramu, diski, feni na pampu ya maji nikazipa 70. Jumla 552, na hapo bado hujahesabu miruko: kadi kubwa huvuta umeme mwingi kupita kiwango chake kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na pawasaplai dhaifu ikikutana na mruko huo hujizima kujilinda. Ndiyo maana yangu ilikuwa inazima kwenye gemu tu. Kiwango cha ATX 3.0 kilichotoka mwaka 2022 kililenga jambo hilo hasa: kinaitaka pawasaplai ihimili mruko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa sehemu 1 ya 10 ya milisekunde.

NVIDIA, waliobuni kadi hii, wanashauri pawasaplai ya wati 750. Nikachagua 850, yenye ATX 3.0 na cheti cha ufanisi cha 80 Plus Gold. Muuzaji Kariakoo alinisukumia ya 1,200 akisema, "Kaka, nunua kubwa usahau." Nikakataa, maana tofauti ya bei ile nilikuwa na kazi nayo. Na hiyo Gold isikupe uhakika wa kila kitu. Inapima upotevu tu: kwa volti 230 ikiwa na mzigo wa nusu, kompyuta ikitaka wati 460, ukutani inavuta kama 500, na zile 40 zinageuka joto. Ubora wa kinga za ndani haupimwi hapo. Kwa hilo nilisoma vipimo vya watu walioifungua na kuitesa.

Pesa niliyookoa nikaipeleka kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, kwa sababu kwetu Tabata umeme haujakaa sawa. Ile ya zamani iliandikwa 650, nami miaka yote nilidhani ni wati, kumbe ni VA, kipimo ambacho tarakimu yake huwa kubwa kuliko ya wati halisi. Wati zake zilikuwa 360. Mpya ni VA 1,500, wati 900, na inatoa umeme wa wimbi laini, si lile la ngazi ngazi ambalo baadhi ya pawasaplai za kisasa hulikataa umeme ukikatika.

Siku ya kufunga, fundi wangu akaniambia, "Bosi, waya za zamani nimeshazipanga vizuri nyuma huku, tubadilishe boksi tu." Plagi za waya hizo ziliingia kwenye pawasaplai mpya bila shida. Moyo ukasita. Nikamwomba atenganishe diski zote na kila kitu kingine, tukaiwasha pawasaplai peke yake kwa kuunganisha tundu la 16 na la 17 la plagi kubwa kwa kipande cha waya, nikapima waya mmoja wa zamani wa diski. Waya mwekundu, unaopaswa kutoa volti 5, ulisoma 12.1. Tukatazamana. Upande wa diski plagi zina mpangilio mmoja duniani kote, lakini upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga itakavyo. Diski zangu mbili, na picha zote za marehemu mama, zingeungua palepale.

Tukang'oa waya zote na kuanza upya kwa waya za pawasaplai mpya, saa mbili za kazi. Waya wa kadi niliusukuma mwenyewe hadi ukalia "ta", na sikuukunja karibu na kichwa, maana taarifa za mwaka 2022 za plagi zilizoyeyuka kwenye RTX 4090 nilizisoma zote.

Usiku huo nilicheza hadi saa nane. Umeme ulikatika mara moja. UPS ikalia, nikahifadhi gemu, nikazima taratibu.