Kupita vitandani kila saa: tulivyoweza kwenye wodi ya wanaume, Moshi

Wodi yetu ina vitanda 24 na haina kengele. Mchana mgonjwa humtuma ndugu aje kutuita. Usiku ndugu hawapo. Ndiyo maana tukaanza kupita kitanda kwa kitanda, kila saa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, kisha kila baada ya saa 2 mpaka kunakucha.

Kwanza tulikwama kwenye hesabu. Kwa dakika 2 kila mgonjwa, muuguzi mmoja anamaliza dakika 48 na kazi nyingine zinalala. Tukagawana: wauguzi wawili na mhudumu, vitanda 8 kila mmoja, dakika 16. Mhudumu hagusi dripu wala dawa. Akiona tatizo anamwita muuguzi palepale. Raundi ikiangukia saa ya dawa au ya kupima presha, vyote vinafanyika kwa mpito mmoja.

Tunaangalia mambo manne: maumivu, haja, mlalo, na kama vitu vyake anavifikia (maji, miwani, ndala, simu). Kazi yenyewe iko kwenye kuuliza. Mwambie mzee wa huku kwetu "Unahitaji chochote?" atakujibu "Hapana mwanangu, niko salama," kumbe amebana mkojo tangu alfajiri. Anaona haya, hasa mbele ya binti. Sasa tunasema: "Shikamoo babu. Nimekuja nikupeleke haja kabla sijaenda upande wa pili." Maumivu nayo, tunamwomba ageuke au akohoe huku tukimtazama uso.

Haja naiweka mbele ya yote, maana wengi huanguka wakienda chooni. Saa mbaya kwetu ilikuwa alfajiri: deki imepigwa, sakafu ina maji, na watu wanaamka na ndala zao za plastiki. Tukaisogeza raundi hiyo iwe saa 11 na nusu, deki ifuate baadaye.

Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila saa 2. Kagua visigino, nyonga na mfupa wa mkia. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo papasa: pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni yake, usimlalishe tena upande huo.

Dripu ya lita 1 kwa saa 8 ni chupa 2 za mililita 500. Kwa seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Tunabandika plasta wima kwenye chupa na kuweka alama kila mililita 125, alama moja kwa saa. Maji yakichelewa, tazama kwanza kama amekunja kiwiko, kisha kama mkono umevimba penye kanula (kimrija kilichoingizwa mshipani). Yakiwahi, mara nyingi ndugu amelegeza kigurudumu cha kuongoza matone akidhani anamsaidia apone upesi.

Kilichotaka kuua utaratibu huu ni saini. Fomu ya kutia saini kila raundi inaning'inia miguuni pa kitanda, na wiki za mwanzo ilijazwa mwisho wa zamu, safu nzima kwa mkupuo. Sista kiongozi akaacha kuitegemea. Kila siku huchagua wagonjwa 3 akawauliza nani amepita mara ya mwisho na amefanya nini. Kukabidhiana zamu nako kumetoka mezani: kunafanyika kitandani, mgonjwa anasikia, na anayeingia anahesabu matone mwenyewe.