Pampu ya espreso ikianza kunguruma, tenganisha kwanza

Mashine ya kahawa ya espreso ikinguruma na sindano ya kipimo cha presha ikaishia bar 6 badala ya 9, wengi hapa Bukavu huagiza pampu na moteri kwa pamoja. Hasara hiyo. Mara nyingi kimekufa kimoja, na mwenzake ndiye aliyemwua.

(Naongelea mashine zenye moteri na pampu ya kuzunguka. Zile ndogo zinazotetemeka hutumia pampu ya sumaku, mara nyingi ya wati 48. Ikichoka, usiifungue, weka nyingine.)

Chomoa waya ukutani, acha boila ipoe, mwaga maji. Legeza skrubu ya pete inayobana pampu kwenye moteri, vuta pampu itoke. Zungusha ekseli yake kwa koleo: iwe na uzito uleule mzunguko mzima. Ikikwama mahali pamoja, au unga mweusi ukionekana kwenye tundu la kutolea maji, vibamba vya grafiti vya ndani, vinavyosukuma maji, vimelika. Vibamba hivyo hulainishwa na maji yenyewe, kwa hiyo pampu ikizunguka kavu siku maji yamekatika, havichukui muda kuharibika.

Sasa washa moteri peke yake, sekunde chache tu. Ikizunguka kimya, ni nzima. Ikivuma bila kuzunguka, ila ekseli iko huru ukiigeuza kwa mkono baada ya kuchomoa waya, shuku kondensateri, kile kikopo kinachoisaidia moteri kuanza kuzunguka. Itoe chaji kwanza, kisha ipime: ikiwa imeandikwa µF (mikrofaradi) 10 na mita inasoma 7, itupe. Mpya iwe na µF ileile, na volti zisizopungua za ile ya zamani.

Moteri ikikwaruza, ni beringi. Chungulia chini, pale pampu na moteri zinapokutana. Mchirizi wa kutu wenye rangi ya chai maana yake maji yamepita kwenye sili ya pampu (kizuizi cha maji kwenye ekseli) yakaingia beringi ya mbele ya moteri. Ukibadilisha beringi ukaacha pampu hiyohiyo, utarudia kazi.

Namba ya beringi imechongwa ubavuni. Ikiwa ni 6202, kwa mfano, waulize wauza vipuri vya pikipiki kule Kadutu, hapa Bukavu. Chukua yenye 2RS, kifuniko cha mpira. ZZ ya bati haizuii maji. Ukiiingiza kwenye ekseli, gonga pete ya ndani peke yake. Ukigonga ya nje, umeshaiua kabla haijafanya kazi.

Pampu mpya lazima izunguke upande uleule wa ile ya zamani, la sivyo haivuti maji. Tepu ya tefloni ianzie uzi wa pili: kipande kikikatikia ndani kitaziba tundu dogo la mbele. Jaza pampu maji kabla ya kuwasha. Halafu weka kichujio kisicho na matundu, geuza skrubu ya presha kidogo kidogo hadi bar 9.

Umeme ukishuka hadi volti 170, hata moteri mpya huvuma na kuchemka. Stabilizateri ya VA (volti mara ampea) 1000 ya televisheni haitoshi, maana boila peke yake yaweza kula wati 1400. Tafuta ya VA 3000.

Na maji ya ziwa usiyatie. Ule ugaga mweupe ulioganda kwenye mawe ya ufukweni, ndio huohuo unaokwangua sili.