Bakteria wala mafuta na matope ya mikoko

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Lamu, dizeli juu ya maji naiona kila siku. Ami yangu, nahodha, aliniuliza hao bakteria wanaokula mafuta wanauzwa wapi, anunue debe. Hawana haja ya kununuliwa, Ami, wamo baharini tayari. Mmoja anaitwa Alcanivorax borkumensis: mafuta ndiyo chakula chake hasa, na yakimwagika huzaana upesi. Kinachowakwamisha mara nyingi ni uhaba wa nitrojeni na fosforasi. Ndiyo maana meli Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, baadhi ya fukwe zilitiwa mbolea, vijidudu wa pale pale wakachapa kazi.

Lakini kule ni mawe na kokoto. Sisi tuna mikoko. Fukua tope lake kidogo tu, unakutana na weusi na harufu ya yai viza: oksijeni hakuna. Humo bakteria hufanya kazi polepole mno, na mafuta yanaweza kukaa miaka mingi. Mbolea haitasaidia sana. Kwangu mimi, bandari mpya ikipokea meli kubwa, kwanza yawepo maboya ya kuzuia mafuta yasifike mikokoni. Ami anasema yaanzie Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na hapo sibishani naye.