Kasamaki ka Uvira kaliniumbua

Kwenye dirisha la darasa langu hapa Bukavu kuna chupa ya mayonezi. Ndani yake, katika alkoli ya famasi, kuna kasamaki ka urefu wa kidole. Kwa miaka miwili chupa hiyo ilibandikwa karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: GOBI, UVIRA. Nafundisha biolojia, kwa hiyo watoto waliamini.

Mwezi uliopita nilikuwa naandika ubaoni somo la gobi, kundi kubwa la samaki wadogo. Matundu mawili ya pua kila upande. Mapezi mawili mgongoni, la mbele na la nyuma. Mapezi ya tumboni, kwa wengi wao, yameungana kuwa kikombe cha kunatia kwenye mawe. Msichana mmoja wa darasa la tano, anayekaa mbele kwa sababu haoni mbali, akanyanyuka, akaiinamia ile chupa, akakawia pale. Halafu:

"Prof, haka kana tundu moja tu."

Nikasema ni alkoli, imeharibu ngozi. (Ndiyo, nilisema hivyo.) Akaigeuza chupa polepole. "Na pezi la mgongo ni moja, linaanzia karibu na kichwa mpaka karibu na mkia. Na kikombe hakiko." Darasa likanyamaza, ule unyamavu wa watoto wanaongoja kuona mkubwa ataangukia upande gani.

Nijitetee kidogo. Hako kasamaki nilikaokota mwenyewe Kalundu, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, likizo moja nilipoteremka Uvira kumwamkia shangazi. Asubuhi watoto wa jirani walikuwa na kipande cha mustikeri (chandarua) kilichotoboka, wanavua kwenye mawe, pale mawimbi yanapopasukia. Mtu akikwambia samaki, unafikiria kitu kinachoogelea. Samaki hawa hawaogelei vizuri. Wanakaa juu ya jiwe kwa tumbo, macho yamepanda juu ya kichwa kama ya chura, wimbi likija wanabaki palepale, likirudi wanaruka mpaka jiwe la pili. Kifuko cha hewa ambacho humwelesha samaki majini, kwao kimesinyaa, na ukikaa kwenye mapovu ya ufukweni uzito huo ni faida. Shangazi alinikuta nimechuchumaa pale nimelowa suruali. "Mutoto yangu, ile haitoshe hata paka."

Mtu yeyote aliyesoma kidogo juu ya gobi angesema ni gobi. Hata Wazungu wanaofuga samaki wa Tanganyika kwenye vioo wanawaita sikilidi-gobi. Mimi nilisoma hilo jina, nikalichukua neno la pili, nikaliacha la kwanza.

Basi jioni ile nikarudi nyumbani, umeme ulikuwepo kwa bahati, nikaanza upya.

Gobi wa kweli ni kabila kubwa mno. Ukihesabu familia yao na ndugu wa karibu, spishi zinapita 2,200. Wengi wako baharini, wengi ni wadogo: kuna wa kwenye miamba ya matumbawe ambao wakikomaa kabisa wanafika sentimita moja tu. Mmoja wao, Eviota sigillata, maisha yake marefu kabisa yaliyopimwa ni siku 59, kuzaliwa, kuoa na kufa. Kule Hawaii kuna gobi anayepanda maporomoko ya maji kwa kunata kwa mdomo na kwa kile kikombe cha tumboni, hatua kwa hatua. Na wapo wale wanaotoka majini wakatembea juu ya matope kwa mapezi. Hao nchi yetu inao, lakini upande wa pili kabisa, kwenye mikoko ya Moanda, pale mto Kongo unapoingia baharini. Kutoka Bukavu, Moanda ni kama nchi nyingine. Sijawahi kufika.

Sasa, hawa ni ndugu wa nani? Zamani wataalamu waliwatia katika oda (kundi linalokusanya familia nyingi) ya samaki wenye miiba, Perciformes, ambayo ilikuwa kama lile kapu la chini ya meza ya muuzaji wa soko la Kadutu: kila kisichopata fungu lake kinatupwa humo. Walijaribu kuwapanga kwa mifupa. Kwa mfano, gobi wengi wana vijiti vitano vya mfupa chini ya kifuniko cha shavu, na wale wa matawi ya kale wana sita. Kazi nzuri, lakini gobi ni wabaya kwa mtu wa mifupa, kwa sababu samaki akizidi kuwa mdogo anapoteza mifupa, na matawi mawili yasiyojuana yanaweza kupoteza mfupa uleule.

ADN, yaani DNA, ndiyo iliyopanga upya ukoo. Gobi wakatolewa kapuni, wakapewa oda yao, na majirani waliotokea ni wa kushangaza. Kuna Kurtus, ambaye dume lake hubeba mayai yakining'inia kwenye ndoano iliyoota kipajini. Kuna samaki wadogo wa usiku wanaoitwa Apogonidae, ambao madume yao hulelea mayai mdomoni. Na kuna Trichonotus, mwembamba kama kamba ya kiatu, anayejitumbukiza mchangani akiona hatari, na utafiti wa karibuni umemweka mlangoni kabisa mwa gobi. Ukiwapanga mezani hawa wote, hakuna mama sokoni atakayewauza kwa fungu moja.

Ila kilichoninyima usingizi ni vipofu. Kusini-magharibi mwa Madagaska, ndani ya mapango ya chokaa, kuna samaki weupe wasio na macho, Typhleotris. Kaskazini-magharibi mwa Australia, mapangoni vilevile, kuna vipofu wengine, Milyeringa. Kati yao ni Bahari ya Hindi yote. Mtu angesema: giza ni giza, kila upande ulipoteza macho kivyake. Mwaka 2012 Chakrabarty, Davis na Sparks walisoma ADN zao wakakuta ni ndugu wa karibu kabisa, hakuna anayewapita kwa ukaribu. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba babu yao alikuwa kipofu tayari, na ardhi ndiyo iliyogawanyika: Gondwana, lile bara kuu la kale, ilipopasuka, kila kipande kiliondoka na mapango yake. Nikafikiria samaki asiyeona, anayebebwa na bara zima, bila kujua kwamba anasafiri. Nilisimama nikanywa maji.

Kumbe huko kufanana kulikuwa kwa damu, na kwangu Kalundu kufanana ni kwa kazi tu.

Maana kasamaki kangu ni sikilidi. Ni mtu wa ukoo wa tilapia, yuleyule unayemla na bugali. Tundu moja la pua kila upande, kama tilapia. Mstari wa ubavuni umekatika vipande viwili, kama tilapia. Ukoo huo na wa gobi ulishaachana tangu enzi za dinosaria, na Tanganyika yenyewe ina miaka milioni 9 hadi 12 tu. Babu mmoja wa kisikilidi alikaa kwenye mawe ya mawimbi, na mawe yakamfinyanga akawa na sura ya gobi. Kazi ile ile, mwili ule ule.

Na hapa ndipo aibu yangu ikageuka kuwa kitu cha nyumbani. Mmoja wa kundi hilo anaitwa Tanganicodus irsacae. Soma jina la pili taratibu: IRSAC. Ni ile taasisi ya utafiti ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1947, ambayo makao yake yalikuwa Lwiro, yale majengo ya mawe na bustani unayoyaona ukitoka Bukavu kuelekea Kavumu na kuendelea. Max Poll, mtaalamu wa samaki wa Kibelgiji, alimpa jina hilo mwaka 1950. Mwingine, Spathodus marlieri, amebeba jina la Georges Marlier, aliyefanya kazi kwenye kituo cha Uvira. Nimepeleka wanafunzi Lwiro mara tatu kuangalia sokwe na ile maktaba, na sikuwahi kuwaambia kwamba kuna samaki anayetembea na jina la mahali hapo.

Wataalamu waliwagawa hawa kwa meno. Eretmodus ana meno mapana bapa, ya kukwangua mwani ulioota kwenye jiwe. Spathodus, ya mviringo kama vigingi. Tanganicodus, membamba kama sindano, ya kuchomolea wadudu nyufani. Meno matatu, jenasi tatu, safi kabisa. Halafu mwaka 1999 Rüber, Verheyen na Meyer wakatoa ADN ya mitokondria ya samaki waliokusanywa pande nyingi za ziwa. Samaki wakajipanga kwa namna isiyofuata meno. Wenye meno bapa wa sehemu moja walikuwa karibu na wenye meno ya sindano kuliko na wenzao wa meno bapa wa kwingine. Maana yake jino la namna moja limeota zaidi ya mara moja, ndani ya ziwa moja, ndani ya kikundi hichohicho kidogo. Yaani hata baada ya kukubali kwamba si gobi, ungali unaweza kudanganywa tena ukifungua mdomo.

Jumatatu nilifungua chupa mbele ya darasa. Harufu ya alkoli ikawatoa machozi wa mstari wa mbele. Yule msichana akashika lupu (kioo cha kukuzia), mimi nikashika pini ya nguo, tukapanua mdomo. Meno bapa, yamepinda kidogo, ncha zake kahawia.

"Basi ni Eretmodus," akasema.

"Ungesema hivyo mwaka 1998."

Karatasi mpya ameiandika yeye, kwa kalamu ya bluu, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu: *Si gobi. Ukoo wa tilapia. Kalundu, Uvira. Meno bapa.* Chini ameacha nafasi ya mstari mmoja.