Basi Linapolala Mtaani: Siku Moja Maishani Mwangu, Malindi

Saa kumi na nusu alfajiri

Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Malindi, na kwa wiki tatu sasa basi ninaloliendesha linalala hatua zisizozidi mia mbili kutoka kitandani kwangu. Huamka kabla ya mwadhini, nikanawa uso kwa maji ya mtungi, nikatoka polepole ili mlango wa mabati usimwamshe mke wangu. Mlango huo nauonea haya kuliko basi lenyewe, jambo ambalo majirani wangelisikia wangecheka.

Zamani mabasi yetu manne yalikuwa yakilala ndani ya uwanja wa shule. Shule ikaamua kujenga madarasa mapya palepale yalipokuwa yakiegeshwa, mabasi yakakosa pa kwenda, na mwenye kiwanja kitupu nyuma ya mtaa wetu akakubali kukikodisha. Tuliambiwa ni kwa muda. Kisha ukaja mpango wa kuifanya yadi ya kudumu, yenye ukuta, shimo la kufanyia matengenezo na tangi la dizeli, na mtaa ukagawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka mabasi yahamishiwe nje ya mji, kuelekea daraja la Sabaki. Upande wa pili unasema yakae, kwa sababu yadi italeta taa, mlinzi wa kudumu na kazi mbili tatu za vijana. Leo jioni kuna baraza, nami nitaketi hapo nikiwa jirani na mshtakiwa kwa wakati mmoja.

Saa kumi na moja na dakika kumi

Nawasha injini. Mabasi mengine matatu hutangulia kuwashwa, hungoja dakika tatu au nne, kisha huondoka. Langu hunguruma papo hapo kwa dakika kumi na moja, na leo nimehesabu kwa saa ya mkononi ili nisije nikadanganya mbele ya watu.

Sababu yake wengi hawaijui, wakadhani dereva anachezea dizeli ya tajiri. Basi langu ni la viti 51 na breki zake ni za upepo. Breki ya kuegesha katika gari la namna hiyo hufanya kazi kinyume na anavyodhani mtu: springi ndiyo inayobana gurudumu, na upepo ndio unaoisukuma springi ili gurudumu liachiliwe. Tangi la upepo likiwa tupu, basi halitoki hata ukanyage mafuta mpaka chini. Kwa hiyo dereva hukaa akitazama mishale miwili ya geji ikipanda kutoka sifuri, huku kompresa, yaani pampu ya upepo, ikijaza matangi na moshi ukitafuta njia ya kutokea. Basi lisilo na ubovu likilala na upepo wake, alfajiri hukuta mishale ikiwa bado juu, ukawasha ukaenda zako. Langu huvuja. Jioni nalizima likiwa limejaa, na alfajiri nalikuta halina hata pumzi moja.

Taa zikawaka katika nyumba ya kona, mtoto akalia, na dirisha likafungwa kwa nguvu ambayo nilielewa imekusudiwa mimi. Ni msimu wa kusi, upepo unatoka baharini upande wa kusini, na nyumba zilizo kaskazini ya kiwanja ndizo zinazoupokea moshi wote. Kaskazi ikianza mwezi wa Novemba zitapona hizo, waanze kukohoa wa upande wa pili, ambao leo ndio wanaotetea yadi kwa sauti kubwa zaidi. Sikusema neno hilo kwa mtu yeyote, ila nimelihifadhi.

Saa kumi na moja na nusu

Mtoto wa kwanza anasubiri kwenye kituo akiwa na baba yake, mkoba ukiwa mkubwa kuliko mgongo. Anti wa basi, ambaye ndiye anayewapandisha na kuwafunga mikanda, humkaribisha kwa jina na kumlaza kwenye kiti cha pili alalie usingizi uliobaki.

Hapa napenda kusahihisha hoja moja ya upande wangu mwenyewe. Uongozi wa shule umekuwa ukiwaambia wazazi kwamba yadi ikihamishiwa Sabaki watoto wataamshwa mapema zaidi. Si kweli. Saa ya kumchukua mtoto wa kwanza inaamuliwa na kengele ya shule na urefu wa njia tunayoizunguka, si na mahali basi lilipolala. Atakayeamka mapema ni mimi na anti, ambao tutalazimika kutafuta bodaboda gizani ili tulifuate gari. Kitakachoongezeka ni kilomita tupu, yaani mwendo wa basi lisilo na abiria, asubuhi na jioni, na dizeli yake italipwa na mtu, kwa kawaida mzazi. Hiyo ni hoja nzito ya kutosha, na haihitaji kuvalishwa nguo za watoto.

Saa mbili na robo asubuhi

Watoto wameshuka, basi limefagiliwa, nami niko kwa muuza chai nikila mahamri na mbaazi. Mama wa nyumba ya kona alinikuta hapo. Nilimwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo kama mtu anayechagua pa kuanzia.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina ugomvi nawe. Lakini njoo uone."

Nilimfuata hadi chumba cha mjukuu wake. Kitanda kiko chini ya dirisha linalotazama kiwanja. Alichukua pazia jeupe, akalikunjua upindo wa chini, akapitisha kidole juu ya kingo ya dirisha kisha akanionyesha kidole. Kilikuwa cheusi, si weusi wa vumbi la Malindi ambalo ni jekundu kidogo na hupeperuka, bali weusi wa mafuta unaoganda katika mistari ya ngozi. Mjukuu ana pumu. Dawa yake ya kuvuta iko kwenye kibweta kando ya mto, na bibi alinieleza kwamba wiki hizi tatu imetumika zaidi kuliko muhula wote uliopita.

Sikuwa na la kumjibu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliutangaza moshi wa dizeli mwaka 2012 kuwa unasababisha saratani kwa binadamu, na pumu haihitaji tangazo la shirika lolote, kwani kila mwenye mtoto wa pumu anajua moshi unamfanya nini. Nilimwambia nitalifanyia kazi gari leo. Akasema, "Inshallah," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuahidiwa mengi.

Saa nne asubuhi

Fundi alifika na ndoo, kipande cha sabuni na brashi ya rangi iliyochakaa. Tuliwasha injini, matangi yakajaa, tukazima. Kisha akaingia chini ya basi akaanza kupaka povu kwenye kila kiungo cha mabomba ya upepo, moja baada ya jingine, kama mtu anayenyoa mtoto ndevu za uongo. Katika viungo vingi povu lilikaa kimya likakauka. Katika kiungo kimoja karibu na tangi la nyuma lilianza kuvimba, likapasuka, likavimba tena. Fundi akatoka, akanishika mkono akaupeleka kwenye mkono wa breki ya kuegesha ulio pembeni ya kiti changu, akaupaka mkono huo wa breki povu, na hapo pakatokea viputo vidogo vidogo mfululizo, kama samaki anapumua chini ya mchanga.

Ubovu wenyewe ni mpira uliokauka ndani ya valvu ya mkono huo wa breki, yaani kilango kinachofungua na kufunga upepo, na kiungo kimoja kilicholegea. Kiungo alikikaza papo hapo. Valvu inahitaji kununuliwa, na bei yake haifiki mshahara wangu wa siku tatu. Nimeandika habari ya kuvuja huku katika kitabu cha gari mara mbili, tarehe na sahihi yangu zipo, na mara zote mbili nimejibiwa kwamba basi linatembea. Ni kweli, linatembea.

Saa sita mchana

Sala, wali, usingizi wa nusu saa.

Saa tisa na nusu alasiri

Safari ya kuwarudisha watoto haina makelele ya alfajiri, lakini ndiyo inayonitia hofu zaidi, na ajabu ni kwamba katika malalamiko yote ya mtaa sijasikia mtu akiitaja. Kiwanja kina lango moja, nalo liko upande wa uchochoro. Ili niliingize basi lazima nirudi nyuma kwa urefu wa nyumba tano, saa ileile ambayo watoto wametoka madrasa na uchochoro umegeuka uwanja wa mpira. Anti hushuka, akatangulia nyuma ya basi na mikono juu, akiwafukuza kwa jina mmoja mmoja. Leo mvulana mmoja alipita kati ya anti na basi akikimbiza tairi la baiskeli. Nilikanyaga breki kabla sijajua nimemwona. Anti alisimama pale kwa muda akiwa ameshika kichwa, kisha akaniashiria niendelee.

Kama lango lingekuwa upande wa barabara kubwa, mabasi yangeingia kwa mbele na kutoka kwa mbele, wala uchochoro usingeguswa. Ukuta wa upande huo haujajengwa bado. Ni suala la kuchora mstari mahali pengine kwenye karatasi.

Saa kumi na moja jioni

Baraza lilifanyika chini ya mkungu, viti vya plastiki mbele kwa wazee, sisi wengine tukasimama. Mzee wa mtaa alifungua kwa dua, akatukumbusha tusikatizane, na tukaanza kukatizana.

Mwakilishi wa shule alizungumza kwa adabu. Alisema Katiba, kifungu cha 53, inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na kwamba basi lililo karibu ni usalama wa mtoto. Mwalimu mstaafu aliyekaa kando akainuka taratibu, akasema kwamba mjukuu wa mama wa kona naye ni mtoto, na kwamba kifungu cha 42 cha Katiba hiyohiyo kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yasiyodhuru afya. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akasoma kwamba kwa kanuni za kelele za mwaka 2009 usiku huhesabiwa hadi saa kumi na mbili kamili asubuhi, na kiwango kinachoruhusiwa nje ya nyumba za makazi wakati huo ni desibeli 35. Injini zetu huwaka saa kumi na moja na dakika kumi. Hakuna aliyehitaji kipimo ili kujua kwamba basi la dizeli linapita kiwango hicho.

Mwenye kisima akauliza mafuta machafu ya shimo la matengenezo yataenda wapi, kwa kuwa ardhi yetu ni mchanga juu ya tumbawe na kinachomwagwa juu hufika majini. Swali hilo lilijibiwa kwa maneno mengi yasiyokuwa na pipa wala mfereji ndani yake. Kwa maoni yangu ndilo lililokuwa swali gumu kuliko yote, na shimo hilo halina sababu ya kuwapo mtaani hata kama mabasi yatabaki.

Nilipoombwa kusema, miguu ilinitetemeka kidogo. Nilieleza habari ya upepo, springi na povu la sabuni. Nilisema kwamba mabasi matatu mazima yanasumbua dakika tatu tatu, na bovu moja linasumbua kumi na moja, na kwamba tukilihamisha bovu bila kulitengeneza tutakuwa tumewahamishia watu wengine moshi uleule. Nikaongeza habari ya lango. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti: "Kwa hivyo mtaa mzima hatulali kwa ajili ya mpira?" Watu walicheka, mwakilishi wa shule akaandika kitu katika daftari lake, na mama wa kona hakucheka.

Hawakuafikiana. Waliokataa yadi wameendelea kuikataa, na sidhani kwamba wamekosea, kwa sababu valvu mpya haiondoi tangi la dizeli karibu na madirisha. Kilichokubaliwa ni kwamba maombi ya kubadilisha matumizi ya kiwanja yasiendelee kabla ya mchoro mpya kuletwa mbele ya watu, ukiwa na lango la barabarani na bila shimo, na kwamba kwa sasa mabasi yaegeshwe upande wa kusini, mbali na nyumba ya kona kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Hapo nikakumbuka kwamba upande huo, kwa msimu huu wa upepo wa kusini, hausaidii sana, nikanyoosha mkono tena. Mzee wa mtaa akatazama saa, magharibi ilikuwa imekaribia, akafunga baraza.

Saa tatu usiku

Kabla ya kulala nilikwenda kiwanjani na tochi. Mlinzi alinifungulia bila kuuliza. Nilipanda, nikaketi, nikamulika geji. Basi lilizimwa saa kumi jioni mishale ikiwa kwenye nane. Jana saa kama hii ilikuwa imeshuka chini ya tatu. Leo ilikuwa kwenye tano na nusu, na mkono wa breki ulikuwa bado unatoa sauti yake ndogo, ambayo ukiwa nje huisikii.

Nilipiga hesabu kwamba alfajiri nitahitaji dakika sita, labda saba. Nilipotoka nilipita chini ya dirisha la kona. Pazia lilikuwa limeondolewa, na mahali pake limetundikwa shuka lililoloweshwa maji.