Nilivyofaulu mtihani wa kuzungumza na kukabidhiwa darasa la takwimu Ohio

Karibu kila Mtanzania aliyenitangulia huku alinipa ushauri uleule: "Mdogo wangu, acha lafudhi ya nyumbani, ongea puani kama wao." Ushauri huo ulinipotezea muda, na sitaki mgeni mwingine aupewe. Sheria ya Ohio inavitaka vyuo vya umma vihakikishe kila mwalimu msaidizi, yaani mwanafunzi wa shahada za juu anayefundisha, anazungumza Kiingereza cha kueleweka kabla hajakabidhiwa darasa. Nilikuwa nimeshafundisha kwa Kiingereza Dar, kwa hiyo nilipopelekwa kwenye mafunzo ya kujiandaa na mtihani wa kuzungumza pamoja na Wachina na Wairani niliudhika kwelikweli. Leo nayashukuru mafunzo hayo.

Lafudhi yangu mwalimu wetu hakuigusa. Alinirekodi video nikifundisha kwa dakika 10, kisha tukaitazama pamoja, akiisimamisha kila wasikilizaji walipokunja uso. Walikunja palepale kila mara: parameter, hypothesis, variable. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiingereza nacho tunakipiga hivyohivyo. Nikisema "paraMEter", wao masikio yao yanangoja "paRAMeter". Nikaandika istilahi zote za muhula daftarini, nikapigia mstari silabi zenye mkazo, na kila asubuhi chai ikichemka nazisoma kwa sauti huku nagonga meza. Hakuna haja ya kununua kifaa chochote. Simu yako inatosha kujirekodi.

Hila ninayojivunia zaidi ni ya namba. 15 na 50 kwa Kiingereza zinakaribiana mno, na kwenye takwimu sampuli ya watu 15 haikupi jibu la sampuli ya watu 50. Basi sitamki namba kabla sijaiandika. Naandika, nawageukia, ndipo nasema. Mtu akiuliza swali, nalirudia kwa maneno yangu: "Unataka kujua kwa nini tunagawanya kwa n−1, yaani idadi ya watu kwenye sampuli ukitoa mmoja?" Wa nyuma wanalisikia, mimi napata nafasi ya kufikiri, na kama sikumsikia vizuri ananisahihisha papo hapo. "Mmeelewa?" usiulize kabisa, watanyamaza wote. Uliza "hatua inayofuata ni ipi?" na usubiri, hata kimya kikikutisha.

Na akitokea wa kukwambia shida yote ni ulimi wako, mjibu kwa utafiti wa mwaka 1992 wa Donald Rubin, mtafiti wa mawasiliano wa Marekani. Wanafunzi wa Kimarekani walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa kwa sauti ya Mmarekani, wengine wakiona picha ya mwanamke wa Kizungu, wengine ya mwenye sura ya Kiasia. Waliooneshwa sura ya Kiasia walielewa kidogo kuliko wenzao, na sauti ni ileile! Ndiyo maana kipindi cha kwanza siingii kwenye hesabu ngumu. Naeleza ratiba, maksi na saa za ofisini, masikio yao yanizoee kwanza.

Mtihani nilifaulu muhula uliofuata, na sasa nina makundi mawili ya mazoezi. Hata wanafunzi wa makundi mengine huja ofisini kwangu kuulizia kazi zao. Nawapokea wote.